Jeneza zito sio lazima liwe mninga: maneno tunayolishana misibani Dar

Ukishachaguliwa kwenye kamati ya msiba kwamba wewe ndio ukachukue jeneza, jua umebeba zigo kuliko hata wale wa turubai na viti, maana turubai likitoboka watu watalisema siku moja basi, ila jeneza linakaguliwa na ukoo mzima tena kwa macho ya pembeni. Wauzaji wanalijua hilo. Unakuta yamesimamishwa dukani yanang'aa kwa vanishi, afu kila aliyekusindikiza ana utaalamu wake.

Imani iliyokaa vichwani kuliko zote ni kwamba zito ndio imara. Mjomba ananyanyua upande mmoja, anaguna, anasema hii ndio mbao bwana, chukueni hili. Sasa ngoja. MDF, ile bodi ya nyuzi za mbao zilizokandamizwa na gundi, mita moja ya ujazo ina kilo kama 700 hadi 800. Mninga mkavu unacheza kwenye 600 na kitu, na paina iliyokauka vizuri iko 450 mpaka 500 hivi. Kwa hiyo hilo lililomtoa mjomba jasho linaweza kuwa bodi tupu iliyopakwa rangi ya mninga. Au ni mbao mbichi, ina maji ndani, na mbao mbichi ikianza kukauka inapinda mpaka mfuniko unakataa kukaa sawa.

Ukitaka kujua ukweli usigongegonge na ngumi kama unanunua tikiti, mwambie fundi afungue mfuniko uangalie ukingo. Mbao halisi ile michirizi ya juu unaiona inaendelea mpaka kwenye mkato, haikatiki. Kama juu kuna michirizi mizuri afu ukingoni pamepakwa rangi nzito au pamebandikwa ukanda, hapo kuna vinia, yaani ngozi nyembamba ya mbao juu ya bodi. Tundu la skrubu iliyowahi kutolewa nalo linasema, kwenye MDF linamomonyoka unga.

Na sio kwamba MDF ni utapeli, hapana. Mtu anazikwa leo leo Kinondoni, bodi inatosha kabisa na hela inayobaki ikalipe ada za watoto. Tatizo lake ni maji. MDF ya kawaida ikinywa maji inavimba na hairudi, sasa fikiria mwili umetoka kwenye friji, unadondosha maji, afu gari inaenda Bukoba, zaidi ya kilomita elfu moja, mashimo humohumo, matuta humohumo. Hapo usibane hela. Weka nailoni nzito chini, juu yake kitu cha kunyonya maji kama pamba au mataulo, ndio ije hiyo satini mnayoibishania rangi.

Nikisema nini mimi naangalia kwanza, ni kitako. Watu wanalipia mfuniko, msalaba, kioo cha kutazamia, maua ya plastiki, hamna hata mmoja anayeomba jeneza lipinduliwe. Lipindueni jamani! Chini ndio kuna mzigo wote. Kuna vitako vya plaiwudi nyembamba vimepigwa misumari kutokea chini tu, na msumari uliopigwa hivyo uzito unausukuma utoke, yaani mnavyozidi kubeba ndio mnavyozidi kuung'oa. Kitako cha maana kimekaa ndani ya kuta au kimelala juu ya vipande vya mbao vilivyokatiza upana, vimefungwa kwa gundi na skrubu. Kibonyeze kwa mkono katikati, kikicheza kama ngoma lirudishe jeneza.

Hapohapo ndio linakuja suala la vishikio. Vile vya rangi ya dhahabu watu wanaviita shaba, vingi ni plastiki iliyopakwa rangi ya madini, na mara nyingi vimeshikwa na skrubu fupi zilizoingia kwenye bodi nyembamba. Ni pambo. Vijana wanne wakivining'inia kwa pupa, kimoja kikitoka, jeneza linainama mbele za watu na kilio kinageuka kuwa kingine. Bebeni kwa chini au begani, kishikio kiguse mkono kwa ajili ya picha tu.

Afu kuna hii ya majeneza ya chuma kutoka nje, eti hilo halifi na mwili unakaa miaka na miaka. Marekani ndio yanatumika sana, na unene wake unahesabiwa kwa geji, 16, 18, 20. Namba ndogo ndio nene, kama bati tu la nyumba yako, geji 28 linalishinda la 30. Geji 18 ni milimita 1.2 hivi, sio kifaru. Chuma cha kawaida kwenye udongo wenye maji kinaota kutu, rangi ya nje inachelewesha tu. Na yale yenye mpira wa kuziba pembeni hayazuii mwili kuoza, kwa sababu kuoza kunaanzia ndani ya mwili wenyewe, bakteria wa tumboni hawahitaji kuruhusiwa na mpira wa mlangoni. Hukohuko Marekani kanuni za biashara ya mazishi zilizoanza kutumika 1984 zinamkataza muuzaji kudai kwamba jeneza litauhifadhi mwili kwa muda mrefu au milele. Sasa huku mtu anakuambia kwa uhakika kabisa, anataka milioni zako.

Utasikia pia majeneza yakilia usiku dukani kesho mteja anakuja. Yanalia kweli, hilo sibishi. Mchana chumba cha mabati kinachemka, usiku joto linashuka, unyevu wa Dar nao unapanda, mbao inatanuka na kusinyaa, viungo vinabanana, vinatoa mlio. Makabati ya sebuleni kwako yanafanya hivyohivyo na hajafa mtu. Na mteja kesho atakuja tu, mji wa mamilioni ya watu huu.

Wengine wanasema Waislamu hawana jeneza. Lipo, la msikiti, linabeba mwili mpaka makaburini, maiti anashushwa na sanda yake, anawekwa kwenye mwanandani, yaani kile kishimo cha ndani ya kaburi, vinapangwa viunza, zile mbao za kumfunikia, jeneza linarudi msikitini kusubiri mwingine. Hilo ndio jeneza linalopiga kazi kuliko yote mjini, na halina satini wala kioo.

La mwisho ni vipimo. Familia inampima marehemu urefu, fundi anatengeneza, halafu waliopo makaburini wanapigiwa simu wanaambiwa "futi sita", wanachimba na kujengea tofali kwa kipimo cha mtu. Kaburi linatakiwa lipimwe kwa vipimo vya nje vya jeneza, upana wa mabegani na vishikio vilivyojitokeza, hasa haya ya mstatili ambayo ni mapana mpaka miguuni tofauti na yale yanayochongoka. Nimeona kishikio kimenasa kwenye ukingo wa tofali, kamba ziko mikononi, mchungaji kanyamaza, fundi anatafutiwa bisibisi. Chukua futi kamba, pima pale dukani lenyewe likiwa limefungwa, tuma namba kwa mchimbaji, ongeza nafasi ya mkono kila upande, ndio ulipie.