Nyumba za Maduka ya Wahindi Magharibi mwa Kenya: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Pita Luanda, Yala, Butere, Muhoroni au Kendu Bay, uitafute barabara ya zamani ya mji. Utaona safu ya maduka yenye baraza mbele, nguzo nene, milango ya mbao ya kukunja, na nyuma vyumba vya kuishi vilivyouzunguka ua. Wenyeji huziita nyumba za Wahindi. Kila moja ina hadithi zake, na nyingi za hadithi hizo hazisimami.

Inayotangulia ni kwamba zilijengwa na makuli wa reli waliokataa kurudi kwao. Reli ilileta vibarua na mafundi zaidi ya 31,000 kutoka India, na waliobaki walikuwa kama 6,700 tu. Wenye maduka wengi walijileta wenyewe kutoka Gujarat na Kutch, wakiitwa na ndugu au mtu wa kijijini kwao aliyetangulia. Allidina Visram, aliyekuwa na matawi mengi kuliko wote, alifika Zanzibar akiwa kijana zamani kabla reli haijaanza, na gari moshi lilipofika Kisumu Desemba 1901 biashara yake ilikuwa imeshaingia Uganda. Ukweli uliomo katika hadithi hii ni wa mafundi: Makalasinga waliofanya kazi za useremala na uashi kwenye reli walipata kazi za kujenga mijini. Lakini hawakuwa peke yao. Misheni kama Maseno, iliyoanza 1906, zilifundisha vijana ufundi, na mikono ya waashi wa hapa hapa imo katika kuta hizo ingawa sifa huenda kwa wengine.

Halafu kuna hili la mabati na mawe. Watu hudhani duka la mabati lilikuwa la mnyonge na la mawe la tajiri. Mimi naona anayetazama ukuta bila kuuliza habari za ploti atakosea karibu kila mara. Katika vituo vya biashara vilivyokuwa ndani ya maeneo ya Waafrika, mfanyabiashara alipewa leseni ya muda tu, ya mwaka mmoja mmoja, na serikali ingeweza kumwondoa. Nani angemwaga pesa kwenye mawe hapo? Alisimamisha fremu ya mbao, akapigilia mabati yaliyoletwa kwa gari moshi, na siku akiambiwa ahame angeyafungua akahama nayo. Katika miji iliyopimwa mambo yalikuwa tofauti. Huko ploti ilitolewa kwa mkataba wa miaka mingi, mara nyingi 99, ukiwa na sharti la kujenga kwa vifaa vya kudumu katika muda uliowekwa. Kwa hiyo mbele ya mawe yenye mapambo huenda ilikuwa ni kutimiza sharti tu, na ukizunguka nyuma unakuta jiko na stoo bado ni mabati matupu.

Upande wa Nakuru, kule Njoro, Molo na Londiani, kulikuwa na sababu nyingine. Mhindi hakuruhusiwa kununua shamba katika nyanda zilizotengewa Wazungu, msimamo ambao serikali ya Uingereza iliuthibitisha 1923. Faida ya dukani ikabaki na pa kwenda pachache, na ploti ya mjini ilikuwa mojawapo.

Mwaka ulioandikwa kwa plasta juu ya paa la mbele? Huo ni mwaka wa ule ukuta wa mbele. Nyuma yake panaweza kuwa na jengo la zamani zaidi.

Mlango mdogo wa nyuma nao umezushiwa mengi: magendo, njia ya kutorokea, pesa za siri. Jibu lake linanuka kidogo. Kabla ya mabomba ya maji machafu, choo kilikuwa cha ndoo, na kichochoro cha nyuma kiliachwa ili wazoa taka wapite usiku kuzichukua. Kichochoro hicho ni mali ya umma hadi leo, hata kama kuna mtu amejenga kibanda humo. Kuhusu dhahabu iliyofukiwa chini ya sakafu sina la kusema, ila kwamba sakafu nyingi nzuri zimevunjwa na watu walioondoka mikono mitupu.

Sasa umiliki, ambako uongo hugharimu pesa. Wengi huamini wenye nyumba walifukuzwa na Idi Amin, kwa hiyo nyumba hazina mwenyewe. Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972. Kenya haikufanya hivyo. Hapa waliokuwa hawajawa raia moja kwa moja walipewa miaka miwili baada ya uhuru kujiandikisha, na wengi hawakujiandikisha. Sheria ya leseni za biashara ya 1967 ikawabana wasio raia wasifanye biashara nje ya sehemu zilizoteuliwa za miji mikubwa, na miji midogo ndiyo iliyoumia zaidi. Wengine walihamia Kisumu au Nairobi, wengine wakakimbilia Uingereza kabla haijafunga mlango Machi 1968. Nyumba nyingi ziliuzwa kihalali, baadhi kwa wafanyabiashara Waafrika waliokopeshwa na shirika la serikali la ICDC. Nyingine ziliachiwa wakala akusanye kodi. Mwenyewe kuwa mbali hakumfuti kwenye rejista.

Ndipo husikika: "Nimekaa humu miaka kumi na miwili, sheria inanipa." Sheria ya ukomo wa mashtaka inataja kweli miaka 12, lakini ni ya kukaa bila ruhusa ya mwenyewe, waziwazi na mfululizo, na lazima uende mahakamani upate amri. Mpangaji anayelipa kodi anakaa kwa ruhusa, hata akae miaka 40. Risiti za kodi ya ardhi za kaunti nazo si hati miliki. Na juu ya ardhi ya umma, dai hilo halipo kabisa.

Jambo hilo la mwisho lina uzito sasa kwa sababu mikataba ya miaka 99 iliyotolewa miaka ya 1920 inafikia kikomo wakati huu. Ikiisha bila kuhuishwa, ploti inarudi serikalini pamoja na kuta zake. Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa kipaumbele aliyekuwa na mkataba, mradi awe raia wa Kenya na ardhi isiwe inahitajika kwa matumizi ya umma. Mjukuu aliye Leicester akiwa na uraia wa Uingereza pekee hana kipaumbele hicho, na mpangaji anayeuza sukari humo tangu enzi za Mzee Kenyatta hana pia.