Je, wajua kwa nini ubavu huendelea kuuma hata jiwe la figo likishatolewa?

Mgonjwa ameruhusiwa, ameambiwa jiwe limevunjwa lote. Kesho yake anaenda haja ndogo, na anapokaribia kumaliza ubavu unamkamata palepale pa zamani. Anaamini jiwe limeachwa. Mara nyingi sivyo: kinachomuuma ni stenti.

Stenti ni kimpira laini chenye urefu wa sentimita 22 hadi 30 hivi, ambacho daktari hukiacha ndani ya ureta, yaani mrija unaoshusha mkojo kutoka figoni hadi kibofuni. Ncha zake zimejikunja, moja ikikaa kwenye figo na nyingine kwenye kibofu, ili kisiteleze. Hakiwekwi bure. Ureta ni nyembamba, milimita 3 au 4 tu, na ikishapitishwa kamera na leza ya kuvunjia jiwe huvimba. Ikiziba kwa uvimbe, mkojo hukwama juu, figo hutanuka, na maumivu huwa yaleyale yaliyomleta mtu hospitali.

Usumbufu unatoka kwenye kimpira chenyewe. Ncha ya chini hukwaruza sehemu ya kibofu yenye hisia kali, ndiyo maana mtu hubanwa na mkojo kila mara, huamka usiku, na huona mkojo wenye wekundu, hasa akishinda anatembea au akipanda bodaboda kwenye barabara ya mashimo.

Na ule ubavu? Kwa kawaida, pale ureta inapoingia kibofuni, njia hujifunga kibofu kinapojikaza, mkojo usipande. Stenti inapita hapohapo na kuuacha mlango wazi. Kibofu kikijikamua, sehemu ya mkojo inarudi juu, inaijaza figo ghafla, na ngozi ngumu inayoizunguka figo, ambayo ina neva nyingi, inavutika. Basi kujikamua kwa nguvu ili umalize haraka kunazidisha maumivu. Tamsulosini, dawa ambayo wengi wanaijua kwa wazee wenye tezi dume, huwapa nafuu wengi wenye stenti, wanawake pia, kwa kuwa hulegeza misuli ya njia ya mkojo. Diklofenaki nayo hutuliza vizuri, lakini mwenye figo dhaifu asijinunulie mwenyewe. Haya yote yanaelezeka kwa dakika tano kabla ya mgonjwa kuondoka wodini, na ni aibu kwamba wengi hawaelezwi.

Aliyevunjiwa jiwe kwa mawimbi kutoka nje ya mwili, tiba iliyoanza Munich, Ujerumani, mwaka 1980, huumwa kwa sababu nyingine. Jiwe limekuwa vipande, na vipande hivyo lazima vishuke. Wakati mwingine hupanga foleni ndani ya ureta na kuiziba. Aliyetobolewa mgongoni ili jiwe litolewe kupitia tundu hilo aogope zaidi damu: mshipa uliojeruhiwa unaweza kuvuja hata wiki moja au mbili baadaye, na mwenye mkojo mwekundu sana wenye mabonge ya damu ni wa kurudishwa hospitali siku hiyohiyo.

Homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavu ni hatari kuliko vyote. Bakteria wakiwa kwenye mkojo uliozibwa wanaweza kuingia kwenye damu ndani ya saa chache. Hapo hakuna kusubiri asubuhi wala kuanza vidonge vya duka la dawa.

Kuna pia wanaosahau stenti. Mtu ametibiwa jijini, karudi kijijini, maumivu yamezoeleka, nauli imekosekana. Chumvi za mkojo huganda juu ya kimpira, na kile ambacho kingetolewa kwa dakika chache kupitia njia ya mkojo, bila kupasuliwa, huhitaji operesheni kadhaa. Wengine wamepoteza figo. Stenti nyingi hazitakiwi kuzidi miezi 3 hadi 6, na baada ya jiwe kutolewa kwa kawaida hukaa siku chache au wiki chache tu. Ikishatolewa, ureta inaweza kubana na kuuma kwa siku moja au mbili, kisha ikatulia.

Lakini utulivu nao haujatosha kuwa ushahidi. Ureta iliyojeruhiwa inaweza kupona kwa kovu na kujibana polepole bila kuuma kabisa, huku figo ikiharibika. Ndiyo sababu daktari humtaka mgonjwa arudi kupigwa ultrasaundi miezi michache baadaye, hata kama anajisikia mzima.