Shimo jeusi la maabara halimezi mtu

Hapa Ngamiani ukikaa kijiweni, kahawa ikishachangamsha watu, lazima atokee mmoja aseme kuna wataalamu wametengeneza shimo jeusi, lile la angani lenye mvutano mkali hata mwanga hautoki, na siku likiwashinda litatumeza wote hadi Raskazone. Jamani hapana. Kile walichotengeneza maabara hakina mvutano wa kumeza hata sisimizi, kinachonaswa mle ni sauti tu basi.

Wazo la shimo la kunasa sauti alilitoa mwanafizikia Bill Unruh wa Canada mwaka 1981. We chukulia Mto Pangani unavyokimbilia maporomoko kule Hale, maji yanazidi kasi mpaka kuna sehemu samaki akishaivuka hata apige mkia vipi harudi tena juu, sasa sehemu hiyo ndo upeo. Toa samaki weka sauti, hesabu zinafanana na za mwanga kwenye upeo wa shimo jeusi.

"Ila shimo jeusi si halitoi kitu?" Mwanafizikia Stephen Hawking mwaka 1974 alionesha kwa hesabu za kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo mno, kwamba linatoa mnururisho, yaani linatoa joto kidogo kama kaa la moto, tatizo shimo lenye uzito wa Jua lina joto la kama nanokelvini 60 hivi (nanokelvini ni kelvini moja ugawe kwa bilioni) wakati anga lenyewe lina kelvini 2.7, utauonaje huo? Ndo maana mwanafizikia Jeff Steinhauer kule chuo cha Technion, Haifa, Israeli, akachukua atomi za rubidi, aina ya metali, akazipoza karibu kabisa na sifuri halisi, baridi ya mwisho kabisa, akazipitisha kwa leza zikatiririka kasi kuliko sauti, na vijisauti vikazaliwa vyenyewe viwiliviwili, kimoja kinatoka kimoja kinazama. Alitangaza 2016, na 2019 yeye na wenzake wakapima joto la mnururisho huo, nanokelvini 0.35, sawa na nadharia ilivyotaka.

Kuna na jaribio la tangi la maji kule Vancouver, Canada, la 2011, watu wanalichanganya na hili, mle mawimbi watafiti waliyatuma wenyewe, hayakuzaliwa yenyewe kikwanta.

Basi Hawking kathibitishwa? Bado bana. Ila kuna kitu kitamu hapa, hesabu yake ilitegemea mawimbi mafupi mno, mafupi kiasi kwamba fizikia tunayoijua haiaminiki tena, wakosoaji wakamkaba hapohapo. Kwenye rubidi nako wimbi la sauti likiwa fupi sana linaacha kufuata kanuni yake ya kawaida, na bado mnururisho umetoka. Kwa hiyo, angalau kwenye rubidi, upeo wenyewe unatosha kuuzaa. Lakini habari za kilichotumbukia zinapotea au hazipotei, hilo rubidi haliwezi kulijibu, graviti, yaani ule mvutano wa shimo la angani, haimo mle.