Mashetani wa Lilanga walitoka kwenye mpingo

Katika maduka ya sanaa hapa Arusha, picha za mashetani wenye masikio makubwa na midomo mipana mara nyingi huuzwa kwa jina la Tingatinga. Jina hilo si lao. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyefariki 1972, anajulikana zaidi kwa wanyama na ndege, kiumbe mmoja akitawala ubao mzima. Mashetani hawa waliobanana ni mtindo wa George Lilanga.

Lilanga alizaliwa 1934 kusini mwa Tanzania, akajifunza kwanza kuchonga Kimakonde. Miaka ya 1970 alihamia Dar es Salaam, akaajiriwa Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii, kama mlinzi, kisha akawa msanii wa hapohapo. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Kisukari kilimpotezea miguu, lakini hakuacha kazi mpaka alipofariki 2005.

Kumwelewa, anza na kinyago. Mchongaji ana gogo moja tu la mpingo, kwa hiyo mkono wa huyu unaishia kwenye sikio la yule. Lilanga aliuhamishia msongamano huo kwenye ubao bapa, bila kivuli. Wanaomwiga hupaka usuli kwanza, halafu wanabandika shetani mmojammoja, picha inalegea. Chora miili yote kwa penseli kabla ya kugusa rangi, mpaka hata uwazi uliobaki katikati uwe na umbo lake.

Rangi ni ya mafuta, ile ya milango. Hadibodi ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2. Piga msasa, kisha paka na mgongo wake, la sivyo ubao utavuta unyevu upande mmoja na kupinda. Tabaka mbili nyepesi za rangi zinatosha. Ukipaka nzito, juu hukauka huku chini kukiwa kubichi, na uso hukunjamana. Baridi ya Juni na Julai huku kwetu huzidisha tatizo. Mistari myeusi huja mwisho kabisa, na tina, yaani kimiminika cha kulainisha rangi, ikizidi huchuruzika na kupoteza mng'ao.

Watalii hupendelea kitambaa kwa sababu kinaingia begini. Kizungushe kwenye bomba pana, rangi ikitazama nje. Rangi ya aina hii hukakamaa kadiri miaka inavyokwenda, na ikizungushwa kwa ndani hubanwa na kubanduka vipandevipande.