Gaziantep: tazama kingo za mozaiki

Wageni wengi wanaoingia Makumbusho ya Mozaiki ya Zeugma mjini Gaziantep, kusini mashariki mwa Uturuki, huenda moja kwa moja kwa yule wanayemwita Binti wa Kijipsi, uso uliopangwa kwa vijiwe vya rangi. Amewekewa chumba cha peke yake chenye giza, uso wake tu ndio unaomulikwa, na macho yale makubwa yanakufuata kila unakosogea. Nami humwendea. Lakini kazi yangu ni kuhifadhi sakafu za kale, na ningekuomba kwanza utazame kingo: pale vijiwe vya zamani vinapoishia na lipu mpya inapoanzia. Kwenye kingo ndipo utakapojua sakafu ilifikaje ukutani.

Zeugma ilikuwa kando ya Mto Frati, karibu na Nizip ya leo. Iliasisiwa na Seleucus Nicator, mmoja wa majemadari wa Alexander Mkuu, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, na jina lake kwa Kigiriki lina maana ya kiungo, kwa kuwa hapo ndipo watu walipovukia mto. Warumi walipoweka kikosi chao hapo, fedha zikamiminika. Matajiri wakajenga nyumba kwenye mteremko unaoelekea mtoni, na vyumba vya kulia vikapambwa kwa miungu ya bahari, shujaa Achilles, Dionysos mungu wa divai. Katikati ya karne ya 3 Waajemi chini ya mfalme wao Shapur wa Kwanza wakauteka mji na kuuchoma. Udongo uliporomoka kutoka juu ukazifukia nyumba. Udongo huohuo ndio uliozilinda rangi.

Kisha likaja Bwawa la Birecik kwenye mto huohuo. Mwaka 2000 maji yalipoanza kupanda, wanaakiolojia wa Kituruki na wenzao wa nje walichimba mchana kutwa wakishindana nayo, na sakafu zilizofichuliwa zikang'olewa haraka.

Kung'oa mozaiki kunafanywa hivi. Unausafisha uso, unabandika kitambaa kwa gundi itakayoweza kuyeyushwa baadaye. Gundi ikikauka, kila kijiwe kimeshikwa na kitambaa. Ndipo unapopitisha vyuma virefu bapa chini yake, polepole, ukivitenga vijiwe na kitako chao cha chokaa. Sakafu kubwa lazima ikatwe vipande, na fundi mwenye huruma hupitisha mkato kwenye mstari wa nakshi au sehemu nyeupe, si kwenye shavu la mtu. Kipande hulazwa kifudifudi, mgongo wake ukasafishwa na kupewa kitako kipya.

Hapo kwenye kitako ndipo makosa mengi ya karne iliyopita yalipofanyika. Mafundi wa nchi nyingi walimwaga zege lenye nondo. Nondo ikiota kutu huvimba, zege likapasuka, na vijiwe vikapasuka nalo. Aliyeona ukuta wa matumbawe wa Mji Mkongwe, Zanzibar, uliopigwa lipu ya saruji atanielewa: chokaa hupumua, saruji hufungia unyevu ndani hadi ukuta unaoza. Siku hizi tunatumia lipu ya chokaa juu ya vibao vyepesi vya alumini vyenye matundu kama sega la nyuki.

Hata ikifanywa vizuri, kazi hii ina hasara. Kitako cha kale ndicho chenye ushahidi: tabaka zinazoonyesha sakafu ilijengwa lini na kukarabatiwa mara ngapi, pengine hata mistari ambayo fundi alijichorea kabla ya kupanga kijiwe cha kwanza. Ukitenga uso na kitako, umebaki na picha. Kwa hiyo kwetu kung'oa ni dawa ya mwisho, na kwa nyumba zilizokuwa chini ya mstari wa maji Zeugma hapakuwa na dawa nyingine. Makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 2011, yamejitahidi kupunguza hasara hiyo: sakafu zimepangwa pamoja na kuta na nguzo zake, ili uone ulikuwa unasimama chumba gani.

Mkato wa mwizi ni tofauti na wa fundi, na ukizoea utautambua. Haufuati nakshi, unafuata kichwa. Katika mozaiki ya Metiokhos na Parthenope wezi walichukua wapendanao wenyewe na kuacha mapambo. Wawili hao walionekana Houston, Marekani, wakarudishwa mwaka 2000. Sakafu ya Binti wa Kijipsi nayo iliporwa miaka ya 1960. Yeye alisalimika chini ya nguzo iliyoanguka, hadi uchimbaji wa mwaka 1998 ulipomkuta. Vipande 12 vya sakafu yake vilikuwa vimenunuliwa mwaka 1965 na chuo kikuu kimoja cha Ohio kwa dola 35,000, vikidhaniwa vimetoka Antiokia. Vilirudi Gaziantep mwaka 2018. Nilipovitazama nilifurahi sana, kisha nikatafuta pa kuviunganisha na uso ule, nikaona pengo kati yao bado ni kubwa.

Ukitoka makumbusho, tenga siku nyingine uende Belkıs, kijiji kilicho juu ya Zeugma. Chini ya paa kubwa zimebaki nyumba za Dionysos na Danae, sakafu zikiwa palepale zilipowekwa, na nje bwawa limetulia juu ya nyumba jirani. Kwangu hapa panazidi makumbusho. Huwezi kuelewa kwa nini tajiri alitaka Poseidon, mungu wa bahari, sakafuni mpaka uone alivyokuwa anautazama mto.

Ngome ya Gaziantep mjini ilijeruhiwa: tetemeko la tarehe 6 Februari 2023, la kipimo cha 7.8, liliangusha sehemu za kuta zake hadi barabarani.

Mwisho nenda magharibi, Islahiye. Zincirli, mji wa kale wa Sam'al, ulichimbwa kuanzia mwaka 1888, na simba wa mawe wa malango yake wako Berlin na Istanbul. Lakini simba wa Yesemek, katika wilaya hiyohiyo, hakuna aliyewahamisha. Yesemek ni machimbo ya mawe meusi ya volkano, yenye sanamu zaidi ya 300 za simba, sfinksi (simba mwenye kichwa cha mtu) na miungu ya milima, zilizochongwa nusu. Mafundi walitoboa mwamba, wakapigilia kabari za mbao kavu, wakazimwagia maji. Mbao zikavimba na jiwe likapasuka. Sanamu ilichongwa kiasi tu ili iwe nyepesi kusafirishwa, imaliziwe inakokwenda. Hizi hazikusafirishwa. Zimesimama mteremkoni, nyuso hazijapata macho, na alama za patasi bado zinashikika kwa kidole.