Upotevu hospitalini: maana yake, na kwa nini wodi iliyojaa si dalili ya ufanisi

Hospitali ikitangaza kwamba inapunguza upotevu, wengi huwaza mambo mawili: dawa zinazoibwa stoo na watumishi watakaopunguzwa kazini. Wizi upo na lazima udhibitiwe, lakini kwa wanaoshughulika na uendeshaji wa hospitali dhana hii ni pana zaidi. Upotevu ni chochote kinachokula fedha, dawa, vifaa au saa za watu bila kumsogeza mgonjwa kwenye nafuu. Ufanisi ni kutoa huduma ileile, au iliyo bora zaidi, kwa rasilimali zilizopo. Bajeti ikikatwa na huduma ikazorota, hapo hakuna ufanisi ulioongezeka. Huduma imepungua, basi.

Fedha zinazohusika si haba. Ripoti ya Afya Duniani ya mwaka 2010, iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO), ilikadiria kwamba kati ya asilimia 20 na 40 ya matumizi yote ya afya hupotea. Rushwa imo, lakini zimo pia dawa ghali zinazonunuliwa ilhali zipo za bei nafuu zenye kiambato kilekile, vipimo visivyomsaidia daktari kuamua lolote, watu wanaolazwa au kubakishwa wodini bila sababu ya kitabibu, na makosa ya matibabu.

Namna ya kuuchambua upotevu huu ilitoka mbali na wodi. Taiichi Ohno, mhandisi wa kampuni ya magari ya Toyota, aliugawa katika aina 7: kuzalisha kupita mahitaji, kusubiri, kusafirisha vitu huku na huko, kurudiarudia hatua zisizo na kazi, kulimbikiza akiba, mizunguko ya bure ya wafanyakazi, na kasoro. Mwaka 2002 viongozi wa hospitali ya Virginia Mason ya Seattle, Marekani, walisafiri hadi Japani kujifunza utaratibu huo, wakarudi nao na kuufanya mfumo wao wa uongozi. Pingamizi linalosikika kila mara ni kwamba mgonjwa si gari. Ni kweli, na meneja anayesahau hilo ni hatari. Ila kinachochunguzwa hapa ni njia anayopitishwa mgonjwa: nani aliipanga hivyo, na kwa faida ya nani.

Mfuate mgonjwa wa nje mmoja tangu mapokezi. Anasubiri faili, anasubiri daktari, anatumwa maabara, anasubiri majibu, anarudi kwenye foleni ileile ya daktari kuyapeleka, kisha anakwenda dirisha la dawa na kuambiwa kwanza apitie kwa mhasibu. Andika dakika alizohudumiwa kweli kando ya dakika alizokaa benchi. Karatasi hiyo moja humfundisha mganga mfawidhi mengi kuliko semina, kwa sababu inaonyesha kwamba hakuna aliyekuwa mvivu. Kila dirisha lilifanya kazi yake, na bado siku nzima ya mtu imekwisha.

Hapa ndipo penye kosa ambalo hata wasimamizi wazuri hulifanya: kudhani kwamba daktari asiyepumzika na kitanda kisicho wazi ni ushahidi wa ufanisi. Hesabu ya foleni inasema vingine. Chukua daktari mmoja, wagonjwa wanaofika bila ratiba, na mazungumzo yanayochukua wastani wa dakika 10, mengine mafupi, mengine marefu. Katika hesabu sahili kabisa ya foleni ya aina hiyo, daktari akiwa na shughuli asilimia 80 ya muda wake, mgonjwa husubiri wastani wa dakika 40. Ikifika asilimia 90, dakika 90. Ikifika asilimia 95, zaidi ya saa 3. Tofauti kati ya 80 na 95 inaonekana ndogo kwenye ripoti, lakini kwenye benchi ni karibu mara tano. Nafasi kidogo iliyoachwa wazi si upotevu. Ndiyo inayomeza ajali ya saa nane usiku.

Vitanda navyo vina kanuni yao. Mwaka 1961 John Little, msomi wa Marekani, alithibitisha kihesabu kwamba wastani wa walio ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya wanaoingia ukizidisha na muda wanaokaa. Hospitali inayolaza watu 20 kwa siku, kila mmoja akikaa wastani wa siku 6, huwa na wagonjwa 120 wodini. Muda huo ukishuka hadi siku 5, wanakuwa 100. Vitanda 20 vimepatikana bila kujenga ukuta.

Siku hiyo moja hupatikana wapi? Mara nyingi si kwenye matibabu. Mgonjwa yuko tayari tangu alfajiri, lakini daktari hupita wodini saa nne, karatasi ya ruhusa huandikwa baada ya wote kuonwa, dawa za kwenda nazo hufungwa mchana, bili hukamilika jioni, na ndugu wa kumchukua hakuwa ameambiwa. Wakati huo mgonjwa wa dharura yuko kwenye machela akingoja kitanda hichohicho. Dawa ya ucheleweshaji huu ni kupanga ruhusa tangu siku ya kulazwa, na kuwaona kwanza wale wanaotarajiwa kuondoka.

Stoo haihitaji maneno mengi: dawa inayokaribia kuisha muda wake itoke kwanza, na uagizaji ufuate matumizi halisi, si mazoea. Upangaji wa vifaa una utaratibu wake wa S tano, ambao wahudumu wa afya wanaotumia Kiswahili huutaja kama sasambua (ondoa visivyohitajika), seti (panga kila kitu mahali pake), safisha, sanifisha (fanya utaratibu uwe mmoja kwa wote), shikilia (udumishe). Hizo nne za mwanzo huonekana katika wiki chache. Ya tano ndiyo huwashinda wengi, maana haina picha ya kuwaonyesha wageni.

Kasoro, katika lugha ya Ohno, huku wodini huwa na sura ya maambukizi. WHO ilieleza mwaka 2022 kwamba kati ya kila wagonjwa 100 waliolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja wakiwa hospitalini. Kila ambukizo ni siku za ziada kitandani, dawa za ziada, na wakati mwingine uhai. Kwa hiyo bomba la maji lililoharibika kwenye wodi ya upasuaji ni suala la bajeti pia, hata kama mhasibu hajawahi kulitazama hivyo.

Kuhusu vipimo vya kufuatilia, vichache vinatosha: muda wa kusubiri, wastani wa siku za kulazwa, kiwango cha vitanda vinavyotumika, na idadi ya wanaorudi kulazwa ndani ya siku 30. Hicho cha mwisho kisiachwe kamwe. Siku za kulazwa zikishuka huku wanaorudi wakiongezeka, maana yake watu wanaruhusiwa kabla hawajawa tayari, na vitanda vilevile vitahitajika tena kabla ya mwezi kwisha.