Demensia na msemo wa "kurudi utotoni"

Msimu wa korosho uliopita, katika ua wa nyumba moja huko Mikindani, nilimsikia tena bibi wa watu akielezwa mbele ya macho yake kwamba "amerudi utotoni". Wenyeji walimaanisha demensia, yaani hali ambayo magonjwa ya ubongo hupunguza kidogo kidogo kumbukumbu, lugha na uwezo wa kupanga mambo, mpaka shughuli za kila siku zinamshinda mtu. Chanzo chake kikubwa ni ugonjwa wa Alzheimer, unaoitwa kwa jina la daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1906.

Neno lenyewe limetoka katika Kilatini: *de*, kuondoka, na *mens*, akili. Tangu asili, basi, linadai kwamba akili imemhama mtu, na dai hilo limepita kipimo, kwa kuwa mara nyingi kinachotangulia kupotea ni mambo ya juzi na jana, ilhali ya zamani hudumu, na aibu, furaha na uchungu wa kudharauliwa hudumu zaidi. Msemo wetu wa utotoni unaongeza kosa la pili. Mtoto asiyejua kufunga kifungo leo atajua kesho, lakini mgonjwa huyu anakwenda njia ya kinyume, hivyo kumfokea ili ashike somo ni kumtesa bure. Tena mtoto hana alichokwisha kukijua. Bibi asiyekumbuka kama amekula anaweza bado kusuka ukili, na akipewa miyaa yake alasiri, saa ambazo wengi wenye hali hii huanza kuhangaika, huenda akatulia mpaka magharibi. Akiuliza mara ya sita alipo mumewe aliyekwisha kufariki, kumtangazia kifo hicho ni kumfiwisha upya. Afadhali aombwe asimulie habari za mumewe. Maji naye apewe bila kungojwa aombe.

Akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili tu, msiseme ni uzee: huenda ni malaria, maambukizi ya njia ya mkojo au upungufu wa maji, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kwa wenyeji wangu wa Mikindani, naomba tuseme "bibi anaumwa, anasahau", na tukiingia uani tumwamkie yeye kwanza. Mtoto haamkiwi shikamoo. Bibi huamkiwa, na siku ile marahaba yake ilitoka bila kukwama.